Balbu Haizimi, Mayai Yanaiva: Ijue Termostati ya Mashine ya Vifaranga

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA.)

   Ukishamaliza kuisoma karatasi hii, tafadhali mpe jirani.

Leo tunazungumzia kifaa kidogo kinachoitwa termostati, yaani kidhibiti joto. Kimo ndani ya pasi, kimo ndani ya friji ya duka la soda, na kimo ndani ya mashine ya kuangua vifaranga, ile ambayo wengi wetu tuliotoka Kivu na Bujumbura tunaiita kuvezi. Tutakaa zaidi kwenye mashine ya vifaranga, kwa sababu hapo ndipo hasara inauma zaidi. Friji ikikosea, soda inakuwa ya moto, kesho utaipoza. Mashine ya vifaranga ikikosea usiku mmoja, mayai 60 yanakufa, na siku 21 za kungoja zimepotea.

Na hapa Dzaleka tunajua maana ya siku 21. Posho haitoshi mwezi. Kazi nje ya kambi ni ngumu kupata. Tangu serikali ya Malawi ilipoamuru mwaka 2023 kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, familia nyingi zilianza upya na mtaji mdogo sana. Kwa mtu kama huyo, trei mbili za mayai yenye mbegu ni karo ya mtoto na ni sabuni ya nyumba.

Basi kabla hujatupa termostati yako, kabla hujalipa nauli na kutafuta ruhusa ya kushuka Lilongwe kununua nyingine, sikiliza kipindi hiki mpaka mwisho. Mara nyingi termostati inayoshutumiwa haina kosa. Kosa liko pembeni yake.

(MUZIKI MFUPI)

KWANZA: TERMOSTATI INAFANYA NINI?

Shika neno hili moja: termostati haipiki. Haitengenezi joto wala baridi. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti. Inapima joto, halafu inafungua njia ya umeme au inaifunga.

Kwenye mashine ya vifaranga, kinachotoa joto ni balbu. Termostati ikiona joto limeshuka, inawasha balbu. Ikiona joto limefika pale ulipopanga, inaizima. Inawasha, inazima, inawasha, inazima, mchana na usiku.

Kwa hiyo ukiamka asubuhi ya baridi, ukakuta kipimo kiko nyuzi 35, usizungushe kitufe mpaka mwisho ukidhani joto litakuja haraka. Balbu ya wati 40 itabaki balbu ya wati 40. Itapanda kwa mwendo uleule. Tofauti ni kwamba haitajua pa kusimama. Itapita 37, itapita 39, itapita 41, na wewe uko kwenye foleni ya maji. Ukirudi, mayai yameiva.

Na kumbuka, kwa yai lenye kifaranga, joto kupita kiasi ni baya kuliko ubaridi wa muda mfupi. Kuku mwenyewe huacha kiota akaenda kula, mayai yakapoa kidogo, na bado anaangua. Lakini hakuna kuku anayepandisha joto la mayai yake mpaka nyuzi 41.

Kazi hii si ngeni duniani. Wamisri wa zamani walikuwa na majengo ya tanuri ya kuangulia maelfu ya mayai, bila kipimajoto. Waangalizi wa tanuri hizo waliligusisha yai kwenye kope ya jicho, wakajua kama joto ni sawa. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mholanzi mmoja aliyefanya kazi Uingereza, Cornelis Drebbel, alitengeneza tanuri ya kuangulia vifaranga iliyojirekebisha joto yenyewe. Ni moja kati ya termostati za kwanza zinazojulikana. Kwa hiyo mashine yako ya ubao ina ukoo mrefu.

PILI: JOTO LENYEWE NI LIPI?

Yai la kuku linataka nyuzi 37.5 hivi za Selsiasi kama mashine ina feni inayozungusha hewa. Kama haina feni, joto hupanda juu na baridi hukaa chini. Hapo pima kwenye usawa wa juu ya mayai, na uweke nyuzi 38.5 hivi.

Tazama jinsi nafasi ilivyo ndogo. Nyuzi moja juu au chini kwa siku nyingi inatosha kuharibu kazi. Ndiyo maana kubahatisha hakufai.

TATU: MASWALI MATATU YA KUPATA UGONJWA

Mgonjwa akifika kliniki, daktari hampi dawa kabla ya kumuuliza. Nawe uliza mashine yako maswali matatu, kwa mpangilio huu: Je, inawasha? Je, inazima? Je, inasema kweli?

Jaribio hili lifanye mashine ikiwa tupu, kabla hujaweka mayai. Na kabla ya kugusa waya wowote, chomoa kwenye soketi. Umeme wa ESCOM ni wa volti 230, unaua. Mtoto asikae karibu.

Swali la kwanza: Je, inawasha? Panga termostati kwenye joto la juu kuliko la chumba, tuseme 40. Sikiliza. Termostati nyingi za namba hutoa mlio mdogo, tik, na taa ndogo kwenye ubao wake inawaka. Sasa angalia balbu.

Kama umesikia tik na balbu haikuwaka, termostati imefanya kazi yake. Angalia balbu: imeungua? Angalia soketi ya balbu: imelegea, imeshika kutu? Angalia waya: umekatwa na panya?

Kama hakuna tik na namba hazionekani kabisa, umeme haufiki kwenye termostati. Angalia adapta yake, ama betri kama unatumia sola. Betri iliyochoka ina dalili yake: unasikia tik-tik-tik-tik bila kutulia. Swichi ya ndani inajaribu kushika lakini nguvu haitoshi. Hapo chaji betri. Usinunue termostati.

Kama namba zinaonekana, joto la chumba liko chini ya 40, na hakuna tik, angalia kama termostati imewekwa kwenye kazi ya kupasha au ya kupoza. Vifaa hivi vinaweza kufanya zote mbili. Kwenye aina ya W1209, ambayo watu wengi wanaitumia kwa sababu ni ndogo na bei yake si kubwa, bonyeza kitufe cha SET na ukishikilie sekunde 5 hivi mpaka uone P0. Ndani yake kuna herufi H au C. H ni ya kupasha. C ni ya kupoza. Mashine ya vifaranga inataka H.

Swali la pili: Je, inazima? Sasa shusha mpango mpaka chini ya joto lililopo, tuseme 15. Unapaswa kusikia tik na balbu izime.

Kama taa ndogo ya kwenye ubao imezimika lakini balbu kubwa bado inawaka, swichi ya ndani imeganda. Midomo yake miwili imeshikana kwa sababu ya cheche za kuwasha na kuzima mara nyingi. Huu ndio ugonjwa mbaya kuliko yote, maana balbu haitazima tena na mayai yatapikwa. Wengine huigonga kwa kidole ikaachia. Usiiamini, itaganda tena usiku ukiwa umelala. Hii ni ya kubadilisha.

Swali la tatu: Je, inasema kweli? Namba inayoonekana si lazima iwe joto la kweli. Inabidi uihakikishe kwa kifaa kingine, na kifaa hicho pengine unacho au jirani anacho: kipimajoto cha homa, kile cha kuweka kwapani. Kinapima vizuri hapohapo kwenye nyuzi 35 hadi 42, mahali tunapopahitaji.

Fanya hivi. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, yasiwe ya moto. Ingiza ncha ya kipimajoto cha homa. Pembeni yake ingiza kichwa cha waya wa kupima joto wa termostati. Kichwa tu, na kiwe cha ile aina ya chuma iliyofungwa isiyopitisha maji. Ubao usiguse maji kabisa. Koroga polepole, ngoja dakika 2 au 3, halafu soma vyote viwili.

Tuseme kipimajoto cha homa kinasema 37.5 na termostati inasema 36.5. Termostati yako inadanganya kwa nyuzi moja. Kwenye W1209 nenda P4, ongeza 1, basi imepona. Kama tofauti inabadilika kila ukipima, mara 1 mara 3, kichwa cha waya kimekufa. Hicho hubadilishwa peke yake mara nyingi, bila kununua kifaa chote.

Na kama badala ya namba unaona LLL au HHH, waya wa kupima joto umechomoka, umekatika au umegusana. Chomeka vizuri kwanza. Pengine panya ndiye fundi aliyepita hapo.

(MUZIKI MFUPI)

NNE: TERMOSTATI NZIMA, MASHINE MBOVU

Sasa umemaliza maswali matatu na majibu yote ni mazuri. Bado vifaranga hawatoki. Tazama mambo haya manne.

La kwanza ni balbu yenyewe. Balbu za siku hizi za LED zinatoa mwanga mwingi na joto kidogo. Kwa chumba ni nzuri. Kwa mayai hazifai. Tafuta balbu ya zamani yenye uzi ndani. Kama unatumia betri ya volti 12, balbu ya gari inafaa. Na weka balbu mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikiungua usiku, nyingine inashikilia mpaka asubuhi.

La pili ni mahali pa kichwa cha kupima. Kikikaa karibu na balbu, kinaona moto na kuzima mapema huku mayai ya pembeni yana baridi. Kikikaa karibu na tundu la hewa, kinaona baridi na kuwasha bila kupumzika. Kiweke katikati, kwenye usawa wa mayai, kisiguse balbu wala ukuta wa kasha.

La tatu ni pengo la kuwasha na kuzima. Kwenye W1209 liko P1, na kiwandani huwekwa 2. Maana yake, ukipanga 37.5, balbu inazima kwenye 37.5 na haiwaki tena mpaka joto lishuke 35.5. Kwa friji si tatizo. Kwa yai ni tatizo. Weka 0.3 au 0.4. Usiweke 0.1, kwa sababu swichi itapiga tik kila mara na itachakaa upesi.

La nne ni kasha na mahali lilipo. Kambi yetu iko juu, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Balbu iliyotosha Oktoba haitatosha Julai. Ukiona balbu inawaka mfululizo na joto halifiki 37, termostati haina kosa: joto linatoka kwenye mianya au balbu ni ndogo. Ziba mianya, funika kuta kwa blanketi nje, lakini uache matundu ya hewa, kwa sababu kifaranga ndani ya yai anapumua. Na blanketi lisikaribie balbu, lisije likawaka. Oktoba na Novemba kinyume chake: chini ya bati, saa 8 mchana, chumba chenyewe kinaweza kukaribia joto la mashine. Termostati inaweza kuzima balbu, haiwezi kuzima jua. Hamisha kasha kwenye kivuli cha ndani, mbali na mlango na mbali na jiko.

TANO: MAGETSI YAKIKATIKA

Wenyeji wetu wanasema magetsi. Sisi wengine tunasema kura. Jina lolote utakalotumia, yanakatika. Mtakumbuka Januari 2022, kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira kwenye mto Shire, Malawi ilipoteza takriban megawati 130 kwa mara moja, na giza lilirefuka nchi nzima. Lakini hata bila kimbunga, yanakatika.

Yakikatika, usifungue mashine kutazama. Kila ukifungua unatoa joto. Funika kasha, na uweke ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitenge, zisiguse mayai. Saa chache za kupoa haziui mayai yote, zinachelewesha tu kuanguliwa. Kwa hiyo siku ya 21 ikifika kimya, usitupe. Ngoja siku moja au mbili zaidi.

Umeme ukirudi, mara nyingine unarudi kwa nguvu na kuunguza ubao mdogo. Chomoa unapokatika. Ukirudi, ngoja dakika 5 utulie, ndipo uchomeke. Halafu soma namba uliyopanga, uhakikishe haijabadilika.

SITA: KUITUNZA

Kila kundi la vifaranga likitoka, chomoa mashine. Futa vumbi na manyoya kwenye kichwa cha kupima kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Manyoya yakikizunguka ni kama kukivalisha sweta, kinachelewa kuhisi. Osha kasha kwa maji yenye jiki kidogo, likauke juani. Ubao wa termostati usioshwe, upanguse kwa brashi kavu, na uuweke nje ya kasha. Ndani mna unyevu mwingi, na unyevu unaleta kutu kwenye waya.

Kaza skrubu za waya. Waya uliolegea unapata moto na unaweza kuwasha nyumba. Halafu rudia jaribio la kikombe cha maji kabla ya kuweka mayai mapya. Dakika 10 hizo zinalinda siku 21.

Na ukipata pesa kidogo baadaye, ongeza termostati ya pili, upande wa umeme unaoingia kwenye balbu, iliyopangwa nyuzi 1 juu ya ile ya kwanza. Ya kwanza ikiganda, ya pili inakata. Mpe kazi hiyo fundi anayejua umeme.

SABA: FRIJI, NA NDUGU ZETU WALIO MBALI

Wenye maduka, kanuni ni ileile. Kile kitufe cha friji chenye namba 1 mpaka 5 au 7 hakionyeshi nyuzi. Namba kubwa maana yake baridi zaidi, na kukizungusha mpaka mwisho hakupozi soda haraka. Kama unasikia mota ikinguruma lakini hakuna baridi, termostati imefanya kazi yake, tatizo ni lingine: mpira wa mlango, vumbi nyuma, au gesi. Bana karatasi kwenye mlango, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira haushiki na baridi inatoka usiku kucha pamoja na yuniti zako. Kama mota haingurumi kabisa na taa ya ndani inawaka, zungusha kitufe mpaka sifuri na ukirudishe. Ukikosa kusikia tik, sasa una sababu ya kuishuku termostati.

Na wale ambao safari yao ya Marekani au Kanada imekubaliwa, mtakuta kisanduku ukutani sebuleni. Ni huyuhuyu mlinzi wa geti, analinda joto la nyumba nzima. Ukiingia na baridi, usikipandishe mpaka mwisho, nyumba haitapata moto haraka zaidi, bili ndiyo itakayopanda. Kikizimika namba, badilisha kwanza betri zake ndogo kabla ya kumpigia mwenye nyumba.

(MUZIKI WA KUFUNGA UNAANZA KWA CHINI)

Tukumbushane. Termostati haipiki, inawasha na kuzima. Uliza maswali matatu: inawasha, inazima, inasema kweli? Pima kwa kipimajoto cha homa. Angalia balbu, mahali pa kichwa cha kupima, pengo na kasha. Ukishajua ugonjwa, ndipo ushuke Lilongwe, ukiwa na jina la kitu kimoja unachokihitaji: adapta, balbu, waya wa kupima au termostati. Beba kile kilichoharibika mkononi, muuzaji akulinganishie na kipya.

Fundi wa jirani, ukiisikia redio hii, msaidie mama wa pembeni kufanya jaribio la kikombe. Ni maji tu.

Kwa herini, na vifaranga watoke salama.

(MUZIKI UNAPANDA. MWISHO.)